Ramani Moja, Kazi Mbili: Muyinga, Gitega na Maana ya Jimbo

Mwezi wa Agosti 2025 nilikuwa nyumbani Muyinga kwa likizo. Jioni moja baba mdogo, ambaye huuza vitenge sokoni, aliniita akanipa karatasi na kalamu. Bomba la maji la mtaa wetu lilikuwa limekauka kwa miezi, na ofisi mbili alizokwenda kulalamika zilimrudisha mikono mitupu. "Wewe umesoma," akaniambia. "Niandikie barua kwa mbunge wa Muyinga."

Nilishika kalamu nikakwama kwenye anwani. Muyinga haikuwa tena na mbunge wa jina hilo. Uchaguzi wa tarehe 5 Juni mwaka huo ulifanyika kwa ramani mpya, na ndani ya ramani hiyo mkoa wa Muyinga haumo. Nilipomweleza, baba mdogo hakukasirika, alishangaa tu. "Mji upo, watu wapo. Mbunge kaenda wapi?"

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Nimechagua kutazama historia ya miji na majimbo ya uchaguzi katika nchi tatu: Uingereza, ambayo mfumo wake wa jimbo moja mbunge mmoja uliigwa sehemu nyingi, Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya Kobero, na Burundi yenyewe, hasa Muyinga nilikozaliwa na Gitega ninakosoma. Hoja yangu ni kwamba tofauti kubwa kati ya nchi hizi haiko katika idadi ya wabunge. Iko katika swali hili: je, ramani ya utawala na ramani ya uchaguzi ni mbili, au ni moja?

Neno "jimbo"

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuanza na neno. Darasani Gitega tulibishana siku nzima juu ya "jimbo". Mwenzetu aliyekulia Uvira alisema jimbo ni kama Kivu ya Kusini, yaani eneo kubwa la utawala lenye gavana. Mwingine, aliyezaliwa ukimbizini Tanzania, alisema jimbo ni mahali penye mbunge, na eneo lenye mkuu wake wa serikali huitwa mkoa. Mkenya angekuwepo angeongeza la tatu: kwao mahali penye mbunge huitwa eneo bunge, na neno "majimbo" huwakumbusha katiba ya 1963 na ugomvi wa kugawa madaraka kwa mikoa.

Wote walikuwa sahihi, kwa sababu neno hili lina historia. Wakati wa Waingereza, Tanganyika iligawanywa katika majimbo ya utawala: Jimbo la Ziwa, Jimbo la Magharibi, Jimbo la Kusini na mengineyo. Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, na kwa kiasi kikubwa yalifuata yale ya utawala. Kila moja lilitoa wajumbe watatu. Baada ya uhuru eneo la utawala likaitwa mkoa, na "jimbo" likabaki kwa mbunge. Mimi nadhani maana hizi mbili ziliachana hapo. Kongo ilibaki na ile ya kwanza, Tanzania ikabaki na ya pili.

Sisi Warundi tuko katika hali ya pekee. Kwetu maana zote mbili zimekaa mahali pamoja, kwa sababu mkoa wenyewe ndio jimbo la uchaguzi. Nitarudi hapo baada ya kuzunguka kidogo.

Miji ya Uingereza

Uingereza ya zamani ilitoa wabunge kwa namna mbili: kutoka wilaya kubwa za mashambani na kutoka miji iliyopewa haki hiyo na wafalme. Kosa lilikuwa kwamba haki hiyo ikishatolewa haikuondoka hata watu wakiondoka. Old Sarum, karibu na Salisbury, ilikuwa imebaki kilima chenye magofu, karibu bila mkazi, lakini iliendelea kupeleka wabunge wawili London. Dunwich, mji wa pwani uliomezwa na bahari kidogo kidogo, nao ulikuwa na wawili. Wakati huohuo Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield, miji iliyofurika wafanyakazi wa viwanda, haikuwa na mbunge hata mmoja wa kwake.

Watu waliumia kwa ajili ya jambo hili. Tarehe 16 Agosti 1819 maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field mjini Manchester kudai haki ya kuwakilishwa. Askari wa farasi waliingia katikati yao na panga. Watu wasiopungua 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Nilipolisoma tukio hili mara ya kwanza nilijiuliza kama mtu anaweza kweli kufa kwa sababu ya jimbo. Baadaye nilielewa kwamba mkate ulikuwa ghali, kazi zilikuwa haba, na sheria zilizoufanya mkate uwe ghali zilipitishwa na bunge ambalo mji wao haukuwa na mtu ndani yake.

Sheria ya mageuzi ya 1832 ilifuta kabisa vijiji na miji midogo 56 ya aina ya Old Sarum, na kuipa Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield wabunge wawili kila mmoja. Mwaka 1885 hatua nyingine kubwa ilichukuliwa: sehemu kubwa ya nchi iligawanywa katika majimbo ya mbunge mmoja mmoja, na miji mikubwa ikakatwa vipande. Liverpool ilipata majimbo 9, Birmingham 7, Manchester 6. Mji haukuwa tena sauti moja bungeni, bali sauti kadhaa ambazo wakati mwingine zilipingana.

Hata mji wenye heshima kubwa haukusalimika. City of London, kitovu cha biashara kilichokuwa na wabunge wake tangu karne nyingi, kilikuwa na wakazi wachache mno kufikia katikati ya karne ya 20. Mwaka 1950 kiliunganishwa na Westminster kuwa jimbo moja, lakini majina yote mawili yaliwekwa katika jina la jimbo.

Tangu 1944 kazi ya kuchora mipaka hii imekuwa ya tume maalumu ambazo hazihusiki na kuunda halmashauri wala kuteua watawala. Tume hupima idadi ya wapiga kura, huchapisha mapendekezo, na wananchi huandika kupinga au kukubali. Katika ramani iliyotumika 2024, England ina majimbo 543 kati ya 650 ya Uingereza nzima, na karibu kila jimbo lilitakiwa kuwa na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Ndiyo maana mji wa York una majimbo mawili, moja katikati na jingine limelizunguka kama ngata inayowekwa kichwani chini ya mtungi. Halmashauri ya mji ni moja, majimbo ni mawili. Ramani hizi mbili zimewekwa juu ya ardhi ileile, lakini kila moja ina kazi yake na mchoraji wake.

Upande wa pili wa Kobero

Baba mdogo hakujifunza neno "mbunge" Burundi. Alilijifunza Ngara, alipokuwa mkimbizi katika kambi ya Lukole baada ya vita vya 1993. Wakimbizi hawakupiga kura, lakini Wahangaza wa Ngara walikuja kununua na kuuza kambini, na lugha yao haiko mbali na Kirundi. Walimsimulia habari za mbunge wao kama mtu anavyosimulia habari za jirani: alipita, hakupita, aliahidi barabara, hajaileta. Kilichombaki kichwani ni kwamba mwananchi ana mtu mmoja, mwenye jina, wa kumsifu au kumlaumu.

Tanzania ilirithi mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja na kuuendeleza. Miji ina nafasi yake inayotajwa waziwazi: Kigoma Mjini, Bukoba Mjini, Dodoma Mjini. Mji ukikua, jimbo hugawanywa. Mwezi Mei 2025, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wetu, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na idadi ikapanda kutoka 264 hadi 272. Dodoma Mjini iligawanywa likazaliwa jimbo la Mtumba. Mbeya Mjini nayo ikagawanywa likazaliwa Uyole.

Naomba msomaji aiweke Dodoma kando ya Gitega. Yote miwili ni miji ya bara iliyochukua nafasi ya mji wa majini: Dodoma ilichukua nafasi ya Dar es Salaam, na Gitega, tangu 2019, ni mji mkuu wa kisiasa badala ya Bujumbura. Katika mwaka uleule mmoja ulizidishiwa majimbo, na wa pili ukaendelea bila jimbo la kwake. Je, Gitega ilionewa? Siamini hivyo. Kwetu swali la mji kuwa na jimbo halijawahi kuulizwa kwa namna hiyo, na sababu iko katika historia yetu.

Muyinga na Gitega katika ramani ya Burundi

Wabelgiji waliigawa Urundi katika tarafa tisa walizoziita teritwari. Kitega ilikuwa mojawapo, na Muhinga, kama walivyoiandika wenyewe, nyingine. Hizo zilikuwa ramani za utawala: kodi, kazi za lazima, kahawa, mahakama. Bunge lilipoanza, ramani za utawala zilikuwa zimeshazoeleka. Uchaguzi wa Septemba 1961 ulijaza viti 64, na UPRONA ya mwanamfalme Louis Rwagasore ikapata 58. Uchaguzi wa Mei 1965 ulikuwa wa viti 33. Mwaka uliofuata ufalme ulifutwa, na kwa miaka mingi nchi haikuwa na uchaguzi wa vyama vingi. Uliporudi, Juni 1993, viti vilikuwa 81. FRODEBU ilipata 65 na UPRONA 16, wabunge wakichaguliwa kwa orodha za vyama, mkoa kwa mkoa. Miezi minne baadaye rais aliyechaguliwa, Melchior Ndadaye, aliuawa, na vita vikaanza.

Hapa ndipo tunapotofautiana na Manchester na Dodoma. Waliokutana Arusha na kutia saini makubaliano ya Agosti 2000 hawakuwa wanahangaikia zaidi ukubwa wa mji. Walikuwa wanahangaikia kwamba kundi moja lisilimeze jingine. Katiba ya 2005 ikaweka bunge lenye angalau wabunge 100, asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu wanaoingizwa kwa uteuzi. Katika orodha ya chama, kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu wanaruhusiwa kutoka kabila moja.

Kanuni hiyo haiwezekani katika jimbo la mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kuwa orodha. Ili uchanganye unahitaji eneo kubwa lenye viti vingi, na eneo lililokuwa tayari, ambalo kila mtu analifahamu, lilikuwa mkoa. Kwa hiyo mkoa ukawa jimbo, na mpiga kura akachagua orodha iliyofungwa ya chama. Tanganyika ya 1958 ilikuwa na wazo linalokaribiana na hili, ile kura tatu iliyomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU iliikubali kwa shida katika mkutano wa Tabora, na Tanganyika ikaiacha upesi. Sisi tulikuwa tumetoka vitani, na wazo la kuchanganya lilikuwa na uzito wa makaburi nyuma yake. Sioni aibu kuitetea sababu hiyo.

Lakini uamuzi huo ulileta jambo ambalo nadhani halikuzungumzwa vya kutosha: ramani moja ikapewa kazi mbili. Mradi ramani haikuguswa, tatizo halikuonekana. Mwezi Machi 2023 ikaguswa. Sheria mpya ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42. Sababu zilizotolewa zilikuwa za utawala na maendeleo: komine kubwa zinazoweza kujitegemea, gharama ndogo za uendeshaji. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zikawa mkoa wa Buhumuza, makao yake Cankuzo. Gitega ilibaki na jina lake, lakini ikaongezewa maeneo ya jirani, yakiwemo Karusi na Muramvya.

Watu walijadili mambo ambayo jicho linaona: ofisi ya gavana itakuwa wapi, nauli ya kwenda Cankuzo itakuwa kiasi gani, jengo la zamani la mkoa litafanyiwa nini. Sokoni Muyinga sikumsikia mtu akisema kwamba sheria ileile ilikuwa imechora upya majimbo ya uchaguzi. Mipaka ya wabunge ilibadilika kama abiria aliyelala ndani ya basi, anashtukia amefika mji mwingine. Juni 2025 wapiga kura walichagua kwa majimbo 5 badala ya 18, na chama tawala, CNDD-FDD, kikapata viti vyote 100 vilivyogombewa.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba mji wa Muyinga upewe mbunge wake peke yake. Wakazi wengi wa eneo letu wanaishi vilimani, na mji mdogo kujitwalia kiti kungeturudisha karibu na Old Sarum. Wala sisemi kwamba mfumo wa Uingereza hauna dosari. Katika jimbo la mtu mmoja, aliyepata kura chache kuliko nusu anaweza kushinda, na wote waliomkataa hubaki bila mtu. Mfumo wa orodha uliletwa kuziba pengo hilo hasa. Ninachosema ni kwamba jimbo linapopanuka, mbunge na mwananchi hutengana. Kwa ramani ya mikoa 18, baba mdogo angeweza kuulizia sokoni ni nani yumo katika orodha ya Muyinga, na mtu angemjua mmoja wao, au ndugu wa mmoja wao. Kwa Buhumuza, mbunge anaweza kuwa mtu wa Ruyigi ambaye hajawahi kuona bomba letu, na kisheria ni mbunge wetu kamili.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jimbo si mstari tu kwenye karatasi. Waingereza walifika kwenye ramani mbili baada ya damu ya Manchester na sheria nyingi. Watanzania waliachanisha jimbo na mkoa, hata katika lugha. Sisi tulikuwa na sababu nzito ya kuviweka pamoja, nayo ni amani. Sababu hiyo ingali na nguvu, lakini haituzuii kufanya mambo mawili madogo. La kwanza, sheria ya kubadili mikoa inapoandaliwa, athari yake kwa uchaguzi ijadiliwe waziwazi kama jambo la pekee, wananchi wakisikilizwa. La pili, wabunge wa mkoa mmoja wanaweza kugawana komine baina yao na kutangaza nani anapokea malalamiko ya wapi. Hilo halihitaji kugusa katiba, wala uwiano wa makabila na wanawake.

Kuhusu ile barua, tuliimaliza usiku uleule. Kwenye anwani niliandika: "Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Buhumuza, Bunge la Taifa, Kigobe, Bujumbura." Baba mdogo aliisoma polepole, kidole chake kikifuata mstari, kikasimama kwenye neno "Wabunge".

"Wote?" akauliza.

"Wote, baba mdogo."

Akaikunja, akaitia katika mfuko wa kanzu. "Basi tengeneza nakala," akasema. "Moja haitawatosha."